Mnazi Kabla ya Hati

Jumapili, 1 Agosti 1993

Leo tena nimesukuma maboksi ya sabuni ya Bwana Ramji ndipo mlango ukafunguka. Sabuni za kila rangi. Nilipokuwa msichana tulipanga foleni kwa kipande kimoja cha kugawana. Leo sabuni zinanizibia njia. Kila kitu ruksa siku hizi. Pa kuweka ndipo hakuna.

Bwana Ramji si mtu mbaya. Chumba hiki cha nyuma ya duka lake tumekaa miaka minne, hajanipandishia sauti hata siku moja. Ijumaa alikuja mwenyewe kusema anakitaka kwa stoo, tuhame mwisho wa mwezi huu. Alinitazama tumbo, akaona haya, akaniletea pakiti ya biskuti. Biskuti nimekula. Hasira zipo palepale.

Hiki ni chumba cha tano tangu nije Kibiti. Cha tano. Nimechoka kukaa kwa watu.

Jumatano, 4 Agosti

Kazini kutwa, mahakama ya mwanzo, kunakili hukumu. Kesi ya mnazi, kama kawaida. Mtu amekaribishwa kwenye uwanja wa watu, akakaa kwa wema wao, akapanda mnazi. Mnazi umezaa, sasa anadai uwanja. Kesi hizi nimeziandika mpaka naweza kutoa hukumu nimelala. Huku mgeni hupanda mchicha, mahindi, muhogo, vitu vya kuvuna na kwisha. Mti hapandi. Anayepanda mti anasema hapa ni pangu, na kila mtu anamsikia.

Nilipotoka nilikutana na mjumbe wetu wa nyumba kumi. Ameniambia Mzee Abdala anauza nyumba ya marehemu mama yake, ile ya nyuma ya soko. Miguu imevimba kama mihogo, lakini nilikwenda kuitazama saa ileile.

Alhamisi, 5 Agosti

Nyumba ya udongo, vyumba vitatu, ukumbi katikati, baraza mbele. Makuti yameoza upande wa jikoni, mbingu inaonekana. Ukuta wa nyuma umetoka tumbo. Choo kizima. Uwanja mpana, hauna mti hata mmoja.

Naitaka. Naitaka mpaka najionea aibu.

Athumani yuko delta wiki ya pili, kwao Kiongoroni, anangoja mashua ijae boriti za mikoko za kuuza. Mume wangu ana biashara nzuri na mwendo wa kobe. Angekuwa hapa angesema tusubiri. Kwa hiyo nimekwenda kwa Mzee Abdala peke yangu. Bei tumekubaliana kabla chai haijapoa. Mzee anataka kuhamia Dar kwa mwanawe, ana haraka kama yangu. Kuna dada yake mmoja tu, Bi Mwanahawa, aliyeolewa kijiji cha Mtunda. Nyumba ni ya mama yao wote wawili, kwa hiyo lazima naye akae kikao mbele ya mjumbe, aseme ameridhia, aweke dole gumba. Mzee anasema hilo jambo dogo.

Jumatatu, 9 Agosti

Athumani amerudi, ananuka tope la mikoko. Nilimpa habari kabla hajavua viatu. Alinisikiliza, akanawa, akala, kisha akaniuliza kitu kimoja: dada mtu amesema nini. Nilimwambia hajasema kwa sababu hajaulizwa. Akaenda kukwangua tope kwenye viatu. Namjua akifanya hivyo.

Jioni tulikwenda kuiona pamoja. Aligonga nguzo moja moja kwa kifundo cha kidole, akasema boriti zake zitatosha kuikarabati. Mimi nilikaa barazani nikanyoosha miguu. Nilikuwa na furaha ya kijinga.

Jumapili, 15 Agosti

Mzee Abdala amepeleka salamu Mtunda mara mbili. Mara ya kwanza dada yake alijibu mguu unamuuma. Mara ya pili alijibu atakuja. Lini, hakusema.

Mzee ametuonea huruma. Ametupa ufunguo tuingie, tukae kama wageni wake mpaka siku ya kikao. Athumani hakutaka. Anasema kuingia kabla ya hati ni kuvaa kanzu ya harusi posa haijajibiwa. Nilimwuliza, basi nijifungulie juu ya maboksi ya sabuni? Nilisema kwa sauti ya kusikika mpaka dukani. Akakubali. Sikupenda nilivyomshinda, lakini nimemshinda.

Jumapili, 22 Agosti

Tumehamia. Kitanda, meza, masanduku mawili, vyombo, redio. Kabati halikupita mlangoni, limelala barazani. Bwana Ramji alitoa mkokoteni wake bila kuombwa.

Mama naye amefika kutoka milimani kwetu, Umatumbi, kuniangalia uzazi. Aliikagua nyumba chumba kwa chumba, kisha akauliza mwenyewe nani. Mimi nikasema sisi. Athumani akasema bado. Tulijibu kwa pamoja.

Alhamisi, 26 Agosti

Mtoto wa kike. Zahanati, asubuhi. Mzima. Nimechoka, siwezi kuandika.

Jumamosi, 28 Agosti

Asha. Ana masikio ya baba yake. Tumerudi nyumbani. Nimeandika nyumbani, na sifuti.

Mama ameniweka ndani. Arobaini ni arobaini, anasema, sivuki kizingiti cha mbele mpaka tarehe tano Oktoba. Uwanja wa nyuma naruhusiwa kwa sababu ya choo. Athumani ameanza kubadilisha nguzo za jikoni. Anapiga nyundo taratibu ili mtoto asishtuke. Inachukua muda mara mbili.

Ijumaa, 3 Septemba

Kitovu kilidondoka jana. Mama alitaka kukizika chini ya mchirizi wa paa, basi, kama kule milimani. Nikamwambia hapana. Huku pwani kitovu cha mtoto huzikwa na mnazi juu yake, mti ukakua pamoja na mwenyewe. Hilo ni kweli. Lakini sikufanya kwa sababu hiyo.

Athumani yuko Kiongoroni. Mche nilinunua dirishani kwa mwanamke aliyepita na kapu. Mama alichimba, mimi nikaweka kitovu, nikashindilia udongo kwa mguu wangu. Katikati ya uwanja, panapoonekana na majirani wote. Nilijua ninachofanya. Kazi yangu ni kuandika kesi hizi. Nilijua na nikashindilia.

Nimeumwagilia maji aliyoogea mtoto. Nilijisikia mwenye nyumba. Hali hiyo ilidumu mpaka adhuhuri.

Jumatano, 8 Septemba

Athumani amerudi. Aliuona kabla hajatua mzigo. Hakugomba. Ningependa agombe. Aliuzunguka mara moja, akaja akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Mama Asha," akasema, "si wewe unayeziandika kesi hizi?"

Nikamjibu kuwa kile ni kitovu cha mwanawe. Akasema anajua ni kitovu, lakini Bi Mwanahawa ataona mnazi. Anataka tuung'oe kabla hajaja. Nikakataa. Nikalia. Mama akanitetea, kisha akaenda jikoni na kusema kwa sauti kubwa kwamba yeye alisema mchirizi.

Jumapili, 12 Septemba

Amekuja. Bila taarifa, amepakiwa kwenye baiskeli, na fimbo, mguu kweli umevimba. Mwanamke mrefu, mkavu, kanga mbili safi, macho ya kaka yake lakini yenye akili zaidi. Alimpakata Asha akamwombea dua. Alikunywa maji. Akauliza choo kiko wapi siku hizi. Njia ya choo inapita uwanjani.

Nilimwona kupitia mlango wa nyuma. Alisimama mbele ya mche ule muda mrefu. Aligusa jani moja kwa ncha ya fimbo, taratibu, kama mtu anayegeuza nguo kwenye kamba kuona ni ya nani. Aliporudi hakukaa.

"Mmeshachukua," akasema. "Mie mmeniitia nini tena?"

Athumani alianza kueleza. Alimnyamazisha kwa kiganja, bila hasira. Mzee Abdala alipofika kutoka sokoni, dada yake alikuwa ameshaondoka. Hakuna kikao. Nimekiharibu mwenyewe.

Jumanne, 14 Septemba

Athumani alikwenda Mtunda kuomba radhi, amebeba sukari na kanga mpya. Amerudi na sukari na kanga. Bi Mwanahawa amemwambia si yeye aliyepanda. Aje aliyepanda.

Aliyepanda amefungiwa ndani. Siku ishirini na moja zimebaki. Nilimwomba Mama niende kesho, nijifunike gubigubi, nirudi kabla ya jua kali. Mama akasema nikitaka kumzika mtoto niende.

Ijumaa, 17 Septemba

Silali mchana, sikai. Chumba, ukumbi, chumba, mlango wa nyuma, narudi. Mama anasema nitaimomonyoa sakafu. Asha analia nikisimama, kwa hiyo nazunguka naye. Najua ufa wa kila ukuta. Ule wa ukumbini umeongezeka tangu Jumatatu, au macho yangu yameongezeka.

Sasa kila kitu cha nyumba hii kinanichoma. Nikifagia, nafagia kwa nani? Nikiziba tundu la panya, namzibia nani? Nimeacha kuumwagilia mnazi. Mama anaumwagilia kimyakimya akidhani simwoni.

Jumatatu, 20 Septemba

Mzee Abdala amekuja na mtu wa Dar. Suruali ya kitambaa, miwani ya jua, mfanyabiashara wa mashine za kusaga. Mimi nilikuwa ndani na mtoto kwenye titi. Nilimsikia akipima uwanja kwa hatua, viatu vinalia kwenye mchanga, anakwenda, anageuka, anarudi. Nyumba haitaki. Anataka kiwanja. Ataibomoa aweke mashine. Alipofika kwenye mnazi akauliza huu wa nani. Mzee akasema wa wageni.

Wageni.

Baadaye Mzee aliingia kutuambia tusimchukie. Ahadi yake kwetu ipo, lakini Dar inamngoja. Dada yake akiendelea kununa, atamwuzia yeyote atakayeweza kumlainisha. Ametupa mpaka katikati ya Oktoba. Athumani alimsindikiza mpaka barabarani kwa adabu zote. Mimi sikutoka chumbani. Nilikuwa nimeuma mto.

Alhamisi, 23 Septemba

Shetani alikaa na mimi asubuhi yote. Nilichukua karatasi nikaandika hati. Naijua kwa moyo: mimi fulani bin fulani, nikiwa na akili zangu timamu, bila kulazimishwa na mtu. Niliandika jina la Mzee Abdala peke yake. La dada sikuandika. Mzee ana haraka, angeweka sahihi. Mashahidi hawakosekani. Bi Mwanahawa angebaki kuja kulalamika mahakamani, na mtu wa kwanza anayekutana naye pale mezani ni mimi. Kina mama kama yeye nimewaona. Huja mara tatu kutoka mbali. Mara ya nne hawaji.

Niliisoma yote. Mwandiko mzuri sana. Kisha nikaitia motoni chini ya sufuria ya maharage kabla Athumani hajarudi. Sikumwambia. Naandika hapa ili nisije nikajidanganya baadaye kwamba sikufika huko.

Jumatatu, 27 Septemba

Athumani amesema, jambo hili likishindikana, twende Kiongoroni. Kwao kuna nafasi, mama yake atafurahi. Nimekaa Kiongoroni miezi miwili baada ya ndoa. Watu wema kuliko hapa. Lakini ukitaka daktari unangoja maji yajae, ukitaka chumvi unangoja mashua, na mbu wa kule hawapumziki hata saa ya swala. Kazi yangu nimwachie nani? Nikamwambia atangulie yeye na boriti zake.

Akatoka. Akakaa barazani mpaka chakula kikapoa. Nilimpelekea maji ya kunawa, hiyo ndiyo samahani yangu. Aliipokea. Hatukuzungumza tena habari ya Kiongoroni.

Ijumaa, 1 Oktoba

Mawingu. Athumani amemaliza kuezeka. Ameezeka nyumba isiyo yake, kwa boriti zake, bila kunung'unika. Nilimwuliza kwa nini. Akasema mvua haiulizi hati. Hasira zilinipanda, kisha nikacheka. Sikumbuki mara ya mwisho nilicheka lini.

Jumanne, 5 Oktoba

Arobaini imetimia. Nimeoga, Asha amenyolewa, dua fupi, ubwabwa kwa majirani. Nilivuka kizingiti cha mbele nikasimama barabarani. Mwanga mkali, watu wengi, lori la mbao, kila kitu kikubwa mno. Nilitaka kurudi ndani. Nikacheka peke yangu.

Kesho Mtunda.

Jumatano, 6 Oktoba

Asubuhi, kabla hatujaondoka, niliung'oa mnazi. Sikumwuliza mtu. Ulikuwa umeanza kushika. Mzizi mmoja mpya, mweupe, ulikatika, na sauti yake niliisikia. Kitovu sikukitafuta. Niliutia mche kwenye kapu, nikamfunga Asha mgongoni. Athumani alitazama kapu, akanipakia kwenye keria ya baiskeli, tukaenda.

Bi Mwanahawa alikuwa anaanika muhogo. Uwanja mmoja, nyumba mbili. Moja ya bati, mpya. Mlangoni mwake alisimama mwanamke kijana, akatuangalia asitusalimu. Nyingine kibanda cha makuti. Tulikaribishwa kibandani. Nusu ya habari niliielewa hapo.

Niliweka kapu miguuni pake, nikamwambia ukweli. Kwamba sikukosea kwa kutojua. Nilijua mti maana yake nini, na nilipanda kwa sababu hiyohiyo, kumtangulia yeye. Athumani aliinamisha kichwa. Alikuwa hajalisikia hilo kinywani mwangu.

Nilidhani atafurahi kuona mnazi umeng'oka. Akakasirika.

"Nani kakutuma kung'oa mti wa kitovu cha mtoto? Mie nilikukasirikia weye. Mtoto sikumkasirikia."

Akauchukua mche, akauweka kivulini pembeni ya mtungi, akaifunika mizizi kwa gunia bichi. Nikakaa pale, mjinga mara ya pili.

Kisha akasema mwenyewe, polepole, huku anageuza muhogo. Mumewe ameoa mke mwingine mwaka jana. Hajamwacha, hamtukani. Ila kila mwezi kuna kitu kinatoka kibandani kinahamia kwenye bati. Mara kinu, mara kitanda. Akiamka asubuhi hujiambia ipo nyumba ya mama Kibiti. Haina paa zima, lakini ipo. Ndiyo maana mguu ulikuwa unamuuma kila alipoitwa. Uliuma kweli, lakini haukuwa unauma hivyo. Kaka yake anamwambia asihofu, fungu lake atapata.

"Fungu nitalilalia?" akaniuliza. "Siku nikitoka hapa, nitasema nakwenda wapi?"

Miezi yote hii nilikuwa nalilia pa kukaa, kumbe nanyang'anya pa mtu. Niliona haya mpaka masikio yakapata moto.

Alhamisi, 7 Oktoba

Jana njiani Athumani alisema jambo moja tu, kwamba vyumba ni vitatu. Nilijua anakoelekea.

Leo nimezunguka nyumba kutwa. Chumba cha mbele chetu. Cha kati cha Asha akikua, na cha Mama akija. Cha nyuma dirisha lake linatazama uwanja, kina upepo, ndicho kizuri kuliko vyote. Nilikipangia cherehani. Nilikipangia pazia. Sitaki. Naandika wazi: sitaki. Nilitaka nyumba yangu, sikutaka nyumba yangu na mwanamke wa watu mwenye fimbo.

Jumamosi, 9 Oktoba

Bado sitaki. Nimefagia chumba cha nyuma.

Mtu wa mashine amepita na pikapu. Hakushuka. Alitazama tu, injini inanguruma. Mama alimwagia maji ya vyombo barabarani, karibu kabisa na magurudumu. Alisema mkono umeteleza.

Alasiri nilimwambia Athumani nitaandika hati mimi mwenyewe, na chumba cha Bi Mwanahawa kitakuwamo. Hakunisifu. Alifungua dirisha la chumba kile akaanza kulitengeneza komeo.

Jumanne, 12 Oktoba

Athumani amekwenda Mtunda na karatasi, amemsomea Bi Mwanahawa. Amerudi bila jibu. Nilimbana: alisema nini, alitazama wapi, alikohoa? Athumani anasema alisikiliza mpaka mwisho, akasema Jumapili atakuja, akaendelea na muhogo wake. Kuja si kukubali. Nimevunja kikombe.

Jumapili, 17 Oktoba

Kikao. Mkeka barazani. Mjumbe, mashahidi wawili, Mzee Abdala, na Bi Mwanahawa ameketi mbali na kaka yake. Mimi ndiye niliyesoma, kidole mstari kwa mstari kama siijui kazi hii.

Mwanzo wa hati ni kama hati zote. Kifungu cha mwisho sijakiona kwenye hati nyingine. Kwamba chumba cha nyuma ni cha Bi Mwanahawa kukaa atakapo, kwa muda atakao, maisha yake yote, na asiulizwe na mtu anaondoka lini. Mjumbe alisema hajapata kusikia mtu ananunua nyumba na mtu ndani yake. Mzee Abdala alitazama ukuta. Sidhani alikuwa mbaya. Hakuwa amefikiri, basi.

Bi Mwanahawa akaniomba nikirudie kifungu hicho. Nikarudia. Akaomba tena. Nikarudia, safari hii neno kwa neno. Akafunga macho kidogo, kisha akatoa dole gumba.

Nilidhani siku hii nitaruka. Nilikunywa chai tu. Yeye aliondoka na ufunguo wa chumba cha nyuma, ameufunga kwenye pindo la kanga. Habari ya mche hakuitaja, nami sikuuliza.

Jumamosi, 30 Oktoba

Mvua ya kwanza ya vuli. Haivuji popote. Mama amerudi milimani. Athumani yuko delta. Nimepaka ukumbi chokaa peke yangu, kuta zimekuwa na mabaka lakini ni mabaka yangu.

Mlango wa chumba cha nyuma una kufuli la Bi Mwanahawa. Napita mbele ya kufuli lile mara ishirini kwa siku na maji, na nepi, na mtoto. Kuna siku nalisahau. Kuna siku linanikera mpaka natamani kulivunja kwa mchi. Uwanja mtupu. Athumani aliniuliza tupande nini. Nimemwambia ngoja kwanza.

Jumamosi, 13 Novemba

Saa kumi alasiri. Nilikuwa nasonga ugali.

Bi Mwanahawa amekuja kwa miguu, mkeka kichwani, sufuria moja mkononi, na fimbo. Alipita barazani, akapita ukumbini mbele yangu, akafungua kufuli lake, akaingia, akarudishia mlango. Hakupiga hodi.

Nilisimama na mwiko mkononi. Nilikasirika, maana nyumba ni yangu na hati ninayo. Nikamsikia anatandika mkeka. Anakaa. Anashusha pumzi, pumzi ndefu sana.

Sijui ameachwa au ameondoka mwenyewe. Nimeongeza unga kwenye sufuria.